Mshale na Matuta ya Kilimani

Mshale alijipa jina hilo mwenyewe. Alisubiri sana wengine wampe, lakini kila mtu alikuwa na kazi zake. Akalichora kwenye tangi la pikipiki kwa rangi nyekundu, herufi zikiinamia mbele kama zinawahi mahali.

Pikipiki hiyo ilikuwa imekula cherehani ya mkewe. Cherehani ilikwenda kwa dada wa mkewe, na kilichopatikana kikaishia kwenye injini: kabureta kubwa, na bomba la moshi la kupasua masikio. Mke alikubali kwa sharti.

"Baba watoto, ukipata kazi ya kupeleka mikate ya mama muokaji, sawa. Ukiikosa, pikipiki itoke na cherehani yangu irudi. Sitaki hadithi."

"Hiyo imekwisha," akasema Mshale.

Kijiweni alisikia kwamba sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, ikiwa ndogo, pikipiki hukimbia zaidi. Akaenda kwa fundi abadilishiwe.

"Itakimbia ikishachanganya," fundi akasema. "Lakini hii injini uliyoichokonoa inalala ikizunguka polepole. Nguvu zake zinaamka ikianza kulia. Ukipunguza meno nyuma, kila gia inakuwa ndefu, inachelewa kufika kwenye nguvu. Sasa ukiwa mlimani, kaka..."

"Wewe funga."

Fundi akafunga. Mteja akitaka kujinyonga kwa mnyororo wake, fundi humuuliza urefu tu. Sproketi kubwa iliyotolewa, mke akaifanya ya kuwekea sufuria ya moto mezani.

Mama muokaji, mwanamke mpana mwenye unga hadi kwenye nyusi, hakuwa mtu wa mahojiano. Mikate yake ilipanda shuleni, juu ya kilima, kwa mtaa wenye matuta mengi kuliko nyumba.

"Kila mtu kreti moja," akasema. "Atakayefika wa kwanza, kazi yake."

Mshindani alikuwa nani? Dada wa mkewe, yule yule wa cherehani, juu ya pikipiki kuukuu iitwayo Kobe, yenye sproketi ya nyuma pana kama sahani ya pilau.

"Shemeji, usijisumbue kuwasha," Mshale akamwambia. "Nikirudi nitakupungia mkono."

"Haya, shemeji. Nitaangalia huo mkono."

Mama muokaji akapiga trei. Kobe akaondoka bila maringo. Mshale akakaza moto, bomba likanguruma, kuku wakaingia ndani ya nyumba zisizo zao. Akaachia klachi. Injini ikakohoa, bwe bwe bwe, ikazimika.

"Kitendawili!" mama muokaji akaita.

"Tega!" wakajibu wachomaji mikate.

"Sauti imefika kilimani, mwenyewe yuko mlangoni."

"Mshale!"

Mshale akawasha tena, akapanda akiikaba nusu klachi mpaka ikanuka. Injini ilipoanza kuamka, tuta. Akapunguza, ikalala. Akaibembeleza gia ya kwanza, ikaanza kulia vizuri, akatia ya pili, ikalala tena. Tuta jingine. Katikati ya mlima alimwona shemeji akishuka na kreti tupu. Shemeji ndiye aliyepunga mkono.

"Barabara ingekuwa imenyooka..." Mshale akajitetea aliporudi.

"Nihamishe shule?" akauliza mama muokaji.

Jioni shemeji alifika na cherehani imefungwa nyuma ya Kobe. Mambo yalikuwa yamezungumzwa, ila si na Mshale: pikipiki yake iende kwa shemeji, cherehani na Kobe vibaki hapa.

"Na ile sproketi kubwa?" shemeji akauliza.

Mke akainua sufuria, akampa chuma kikiwa bado na moto, kimeviringishwa kitambaa. Kesho yake fundi akaifunga. Shemeji akakaza moto, na pikipiki ikaruka tuta la kwanza kama imeitwa. Kila gia aliyoitia iliikuta injini macho, ikilia pale pale penye nguvu, ikavuta kwenda inayofuata. Jina kwenye tangi hakulifuta. Alisema sasa linafaa.

Mshale alipewa na mama muokaji mikate ya barabara ya chini, tambarare, iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Ndiyo barabara aliyoiota. Kobe alilia huko kama anachinjwa, gia zote zimekwisha, na baiskeli yenye magunia mawili ikampita, mwenyewe akimsalimia kwa heshima.

Alipofika nyumbani, cherehani ilikuwa inakwenda mbio. Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Kitendawili," akasema.

Mshale akavua kofia, akaketi, akakataa kusema tega.