Hodi ya Tatu

Watu wa kijiji cha Munje walikuwa wameshakubaliana kwamba Fondo anapenda barabara. Walilisema kwa starehe kabisa, ungedhani wanamzungumzia mtu apendaye halua. Ati wazimu ukishamwingia mtu, nyumba humkera, raha yake ni kulala Ukunda kwenye baraza la duka, na ukimpa kitanda atakikimbia. Aliyekuwa mbele katika maneno hayo ni Dzombo, kaka yake wa tumbo moja.

Kadzo, dada yao, naye aliliamini neno hilo kwa miezi saba. Alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani, akilala huko huko, na habari za nyumbani alizipata kwa simu ya Dzombo. Dzombo ndiye aliyeandikisha namba yake ya simu katika hospitali ya Mombasa, Fondo alipolazwa. Dzombo ndiye aliyempigia Kadzo kumwambia kwamba hospitali imemruhusu Fondo ila hakufika nyumbani, ametokomea. Alisema amemsubiri mpaka amechoka. Kadzo akamshukuru kwa kusubiri. Akamshukuru!

Alipokuja kumpata Fondo, alikuwa amekaa juu ya maboksi kwenye baraza la Abdulrahim, muuzaji saruji na misumari pale Ukunda. Abdulrahim hakuwa mtu mbaya. Alimwachia alale, mradi awe ameshaondoka duka likifunguliwa. Na huyo Fondo alikuwa fundi, jamani, fundi wa kutafutwa. Vyumba viwili vilivyo uani kwao Munje alivijenga kwa mikono yake kabla ya ugonjwa, akavipiga plasta laini, watu wakawa wanakuja kuitazama tu. Sasa nywele zimemshikamana, miguu imempasuka, anabishana na dari. Alipomwona Kadzo aliacha ubishi wake, akasema shikamoo dada.

Uchungu ulimtoka Kadzo kwa namna ya ukali. Alimuuliza kwa nini hakuja nyumbani, ana nini na nyumbani.

"Nilikuja, dada," Fondo akamjibu. "Wenyewe hawakuwapo."

Kadzo akalia, akajua ni maneno ya ugonjwa. Hivyo ndivyo alivyojua, maskini.

Hospitali ilikuwa imempa Fondo mfuko wa vidonge vya miezi miwili. Wiki ya kwanza barazani mvua iliulowesha, wiki ya pili mtu akauchopoa akidhani umebeba cha kuuza. Vidonge vilipotoweka, sauti zikarudi. Sauti zilipomrudia, watu wakamfukuza kila alipojaribu kukaa. Na kila alipofukuzwa, Munje wakasema si mnaona, ugonjwa ule hauna dawa. Mtu asiye na msumari wa kutundika shati, mfuko wa dawa autundike wapi? Hakuna aliyeuliza hilo. Lingewaharibia mazungumzo yao.

Kadzo alimpeleka Msambweni kliniki, akachomwa sindano, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kelele zikapungua. Fondo akaanza kuuliza bei ya saruji. Nesi mmoja, Purity, akamweka Kadzo kando, akamwambia wazi kwamba sindano inafanya kazi yake, lakini mtu anayeamshwa na teke la mlinzi wa maduka kila siku halali, na asiyelala ugonjwa utamrudia, na safari hii huenda usishikike. Akasema mtafutieni mlango anaoweza kuufunga kwa ndani. Kadzo akaona jambo lenyewe ni dogo, kwa maana mlango upo, na aliyeuchongea fremu ni Fondo mwenyewe.

Akaenda Munje kwa moyo mkunjufu. Akamwamkia Dzombo, akakaa mkekani, akaeleza. Dzombo alimsikiliza huku akijikuna shavu. Vile vyumba, akasema, sasa vina mpangaji, mama mmoja kutoka kule kwenye mashamba waliyogawiwa watu wa bara, Syovata, anauza mboga Msambweni. Nyumba haikai bure. Na wapangaji hawakai na mwendawazimu. Halafu akaleta ule wimbo wake: huyo anapenda barabara, hospitali ilimtoa na hakurudi, mimi nilimsubiri. Alilisema hilo la kumsubiri kwa macho makavu.

Kadzo akaaga, akatoka. Alikuwa amefika bombani Syovata alipomfuata na ndoo isiyohitaji kujazwa. Mama huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, lakini siku hiyo alieleza kitu kwa kituo. Alisema aliyasikia mazungumzo. Alisema alipohamia tu, kabla hajamaliza kufungua mizigo, mwanamume mmoja alikuja mchana akiwa na mfuko wa karatasi, amenyolewa, shati safi. Akasimama mlangoni akapiga hodi. Akangoja. Akapiga ya pili, akangoja tena.

"Nilitaka kuitikia, dada," Syovata akasema. "Kaka yako alikuwa hapo ndani ananionyesha komeo. Akajiwekea kidole mdomoni, ninyamaze."

Baada ya hodi ya tatu, yule mtu alipitisha kiganja juu ya plasta, akapangusa vumbi, akaondoka. Dzombo alimwambia Syovata kwamba ni kichaa, anauma watu. Naye Syovata, mgeni na mwenye hofu, akanyamaza, na kimya hicho hakijampa usingizi tangu siku hiyo.

Kadzo alishika bomba. Bibi yao aliwalea watatu hao kwa adabu moja: hodi ni tatu, usipojibiwa ya tatu, mwenyewe hayupo au hataki mtu, basi geuza urudi ulikotoka bila kinyongo. Dzombo alilijua hilo. Alijua kwamba mdogo wake, akiwa mzima au mgonjwa, hangeusukuma mlango usiojibiwa. Hakumpiga, hakumtukana, hakumfungia. Alinyamaza tu, akahesabu mpaka tatu. Na Fondo alilisema waziwazi pale barazani, neno la kweli tupu, na dada yake akaliita ugonjwa. Kadzo alijichukia kwa hilo, kisha akamchukia Dzombo zaidi, na wala hakuona haya kumchukia.

Syovata alisema chumba kimoja kinamtosha. Siku iyo hiyo akahamishia jiko na magunia yake chumba cha pili, akafagia kile cha kwanza.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Kadzo alimleta Fondo amenyolewa, godoro kichwani. Dzombo alikuwa uani na majirani. Kadzo alimpita bila shikamoo, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani, akaingia chumbani, akasimama katikati. Fondo akabaki nje ya mlango. Akatua godoro, akajifuta miguu.

"Hodi," akasema.

Dzombo alikuwa ameshaelewa. Aliwatazama majirani na kuinua kidole mdomoni, na hao watu wazima na heshima zao wakanyamaza kweli.

Kadzo hakungoja ya pili. "Karibu, Fondo. Karibu ndani."

"Mwenye nyumba yupo?"

"Mwenye nyumba ni wewe. Ingia."

Fondo akaingia. Aliutazama ukuta kwanza, akaugusa pembeni mwa dirisha, akanung'unika kwamba kuna aliyegongomea msumari vibaya. Kisha akatandika godoro, akatundika mfuko wa dawa kwenye msumari huo huo.

Hapo ndipo Dzombo alipokuja mbio, povu mdomoni, akisema atawatoa wote wawili na mpangaji wao. Alikuta Kadzo ameziba mlango.

"Piga hodi," Kadzo akamwambia.

Dzombo akacheka, akageuka kuwatafuta majirani wacheke naye. Hawakucheka. Mmoja alikuwa ameinama anatafuta kiatu ambacho amekivaa. Syovata alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha pili, mikono kiunoni, akimtazama Dzombo bila kupepesa. Basi kwa dharau, ili yaishe, Dzombo akasema hodi.

Kadzo aliweka kidole mdomoni.

Dzombo akasema hodi ya pili. Sauti ilikuwa imepungua. Kadzo alitaka ile ya tatu ije, aitamke Dzombo mwenyewe kwa kinywa chake, imwishie hapo mlangoni, ageuze na kwenda kama alivyomfanya mwenzake aende. Akamngoja. Dzombo akalamba midomo.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya chini.

Nyuma ya Kadzo, kutoka godoroni, Fondo aliitikia upesi, maana hajapata kumwacha mtu asimame nje.

"Karibu, kaka. Shikamoo."

Kadzo alisogea pembeni, kwa kuwa mwenye nyumba ameshasema. Mlango ulikuwa wazi, na ndani palikuwa na nafasi ya kukaa. Dzombo alisimama hapo na watu wote wanamwona. Mguu haukumwinuka. Shikamoo ile hakuijibu, na baadaye aligeuka akaondoka kupitia nyuma ya choo, ambako hakuna njia.

Kadzo hakumsamehe, na hasemi kwamba atamsamehe. Alifunga mlango, akamwonyesha Fondo komeo.