Unga wa Kijani

Erastus, mkurugenzi wetu, alinisukumia barua mezani, kalamu juu yake. Ilisema kwamba mimi, Waithira, fundi wa maabara, nilitunga vipimo vya uongo mwezi wa Februari. Alikuwa ameisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote wa karakana yetu ya Ruiru, na hakuna aliyenitetea.

"Weka sahihi tuendelee na kazi," akasema.

"Siweki, bosi. Sikudanganya."

Sisi hutengeneza mabawa ya droni za kunyunyizia mashamba dawa. Nyuzi za kaboni hupitisha umeme vizuri, lakini gundi inayozishikanisha huuzuia usivuke kutoka tabaka moja hadi jingine. Kwa hiyo, ili umeme usijikusanye kwenye bawa na kuharibu mitambo, mimi huchanganya gundi hiyo na unga wa polima inayopitisha umeme. Ukitia kidogo, umeme haupiti; ukizidisha, ubao wa bawa unavunjika kama biskuti. Miezi tisa nilitafuta kipimo chake, Februari nikakipata. Juni, kwa kipimo kilekile, umeme uligoma. Erastus hakuuliza kwa nini, maana mwongo alishampata.

Niliomba siku tatu za kuchunguza. Nilikuwa na hasira, lakini hasira haipimi umeme, basi nikaingia stoo kufungua mikebe. Unga wa Februari ulikuwa wa kijani. Wa Juni ulikuwa wa buluu.

Anayeosha unga ni Boaz. Nikamuuliza aliuosha vipi.

"Kama kawaida. Lakini si unajua mifereji ilikauka? Nilitumia maji ya borehole. Na hii niliosha fiti, mara tano, ndio iwe safi."

Maji yale yana magadi, huacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Unga wetu hupitisha umeme kwa sababu una asidi ndani, na magadi yalikuwa yameiondoa yote. Boaz alikosea kwa bidii, maskini. Na amri ya kutumia maji ya kisima ilibandikwa ukutani na Erastus mwenyewe: maji ya tangi ni ya chai tu.

"Sasa nitafutwa?" Boaz akauliza.

"Amri haikuwa yako. Lete asidi."

Alhamisi, watu wote wakiwa wamesimama, nilimimina unga wa buluu kwenye bakuli, nikatia asidi. Ukageuka kijani wakiuona. Kisha nikaleta ubao niliokuwa nimeutengeneza kwa unga uliorudishiwa asidi. Mita ikasoma sawasawa na Februari.

Erastus akakohoa. "Sawa, tumeona. Hiyo barua nitairarua, yaishe."

Nikaweka kiganja juu ya barua.

"Usirarue. Uliisoma watu wakisikia. Igeuze, andika nyuma vile mambo yalikuwa, halafu usome hivyo hivyo."

"Waithira, mimi ndiye mkurugenzi hapa."

"Najua, bosi. Tunangoja."

Alinitazama, akawatazama wengine. Hakuna aliyerudi kazini. Akavuta kiti, akaandika, akasimama kusoma. Mahali penye jina langu aliipunguza sauti.

"Rudia hapo, bosi," nikamwambia. "Walio nyuma hawajasikia."