Doa Jeusi na Chakula cha Inzi

"Inzi huona kwa tumbo, mama. Mtu ana akili," alisema Nagabhushan, kifua mbele. "Mimi tangu alfajiri sijatia nafaka mdomoni. Lete sinia zima la laddu tamu za unga uliweke hapa, nitalitazama kama ukuta."

Rukminamma alimtazama toka juu mpaka chini. Alikuwa amekuja na bintiye Vaidehi kwenye maabara ya chuo, hapo mjini Mysuru, kumkagua kijana anayetaka kumwoa binti huyo, na siku ya mfungo wa Ekadashi aliichagua kwa makusudi. Kwao siku hiyo nafaka haigusi jungu. Mkwe asiyeweza kufunga atafute nyumba nyingine.

Nagabhushan akawasha skrini iliyo mbele ya kisanduku cha inzi, doa jeusi likatokea. Inzi wa matunda aliyeshiba akalitupia jicho, akageuka na kwenda zake kama tajiri aliyemwona jamaa wa kijijini. Kisha akaingizwa mwenzake aliyenyimwa chakula tangu jana. Huyo alilikimbilia doa bila hata salamu.

"Doa ni lile lile, na macho ni yale yale," alisema Nagabhushan. "Njaa ndiyo imeshika usukani."

"Masikini. Na wewe ndiye uliyemnyima?"

"Kwa ajili ya elimu, mama."

"Hm. Vaidehi, nionyeshe pa kunawa."

Mama na binti wakatoka. Hapo ndipo Nagabhushan alipoiona sufuria pembeni: chakula cha inzi, chenga za ngano zilizopikwa na sukari guru, kimeachwa kipoe. Rangi yake ya dhahabu iling'aa kama halua ya harusini. Akajikumbusha kwamba ni ngano, na leo ni Ekadashi. Akajikumbusha kwamba kimetiwa hamira, tena kimepikiwa wadudu. Hoja zote zilikuwa nzito, za kisomi kabisa, lakini miguu haikungoja zimalizike.

Mwiko ulikuwa safarini kurudi sufuriani aliposikia sauti mlangoni.

"Hukutia iliki."

Nagabhushan akameza haraka. "Naonja tu, mama. Hawa inzi wana madeko, usiwaone hivi."

"Mtu huonja kwa ncha ya ulimi, baba. Wewe una chenga mpaka kwenye masharubu." Rukminamma hakumwondolea macho. Akaita nyuma yake kwa sauti ya chini, "Vaidehi, mwanangu, njoo umwangalie mchumba wako. Njoo polepole, usimshtue akaruka."