Taa ya Mche wa Halya

Taa ya zamani ilikufa Januari, wiki ile baridi ilipofika nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Ilikuwa taa ya sodiamu, na choki yake, kile kisanduku cha kuituliza umeme, ilikuwa nzito kama tofali. Kwa miaka saba iliuangazia mche mmoja wa bangi katika chumba chetu cha chini ya ardhi.

Sheria ya huku kwetu inaruhusu miche minne ya bangi kwa nyumba. Kila mwaka nilikata vijiti vitatu kwenye huo mmoja, nikavikuza nje kiangazi, na maua yake nikayapika na nta ya nyuki kuwa marhamu. Mke wangu Halya ana baridi yabisi ya vidole. Tumejaribu bangi za aina nyingine, hazikumsaidia. Aliyetupatia mche ule amekufa, na mbegu hakuacha. Mche huo ukifa, marhamu imekwisha.

"Nunua yoyote," Halya alisema. "Taa ni taa."

"Hii si ya kutuangazia sisi, mama. Hiki ndicho chakula cha mche."

Nilipima kona ya mche kwa futi, nikaandika, nikaendesha gari hadi dukani mjini Yorkton. Nilinyoosha kidole kwenye boksi kubwa lililoandikwa wati elfu moja. Muuzaji, binti aitwaye Brielle, alitikisa kichwa.

"Mzee, hiyo elfu ni ya boksi. Uliza inakula wati ngapi ukutani."

"Ngapi?"

"Mia moja na kumi."

"Basi inajisifu."

"Kama mume wangu wa kwanza."

Akanionyesha nyingine, taa ya LED, bapa kama sinia, isiyo hata na feni. Inakula wati mia mbili na arobaini kwelikweli, mwanga wake mweupe wenye wekundu kidogo. Niliishika ilipokuwa ikiwaka. Ilikuwa vuguvugu tu. Nikaona huo ni uzuri wake. Nikaichukua.

Niliitundika sentimita arobaini na tano juu ya mche, nikaiwasha kwa saa kumi na nane kila siku, kama ile ya kwanza. Baada ya siku tisa mashina yalikuwa ya zambarau na majani yamelegea.

Sipendi kubadilisha mambo mawili kwa mpigo. Niliipandisha taa, nikangoja siku nne. Majani yakazidi kulegea. Nikairudisha, nikapunguza maji, nikangoja nne nyingine. Hali ile ile. Ili nisipoteze vyote, nilikata vijiti viwili nikaviweka kwenye glasi za maji juu ya friji. Marhamu ilibaki chupa moja, na Halya akawa anapaka mkono wa kulia tu, ule wa kufinyia pyrohy, sambusa za kuchemsha, za kanisani.

Alhamisi jirani yetu Lorne akaja kunywa kahawa. Alitaka kukaa, akamkuta paka wetu kwenye kiti.

"Huyu amehamia juu lini?"

"Wiki mbili, tatu hivi," Halya akajibu.

"Kwani chini mmemfanyia nini?"

Niliweka kikombe mezani. Paka yule alilala miaka saba juu ya choki ya taa, palipokuwa na joto. Nilichukua kipimajoto cha nyama nikashuka, nikakichomeka kwenye udongo wa mche. Nyuzi kumi na moja. Mwanga nilikuwa nimeupima kila siku. Baridi sikuipima hata mara moja.

Lorne alikuwa amenifuata. Akacheka hadi akashika ukuta.

"Bwana wewe! Gari lako unalichomeka umeme kila jioni lisigande, mche umeusimamisha peku kwenye zege?"

"Cheka, halafu shika huku."

Alitaka kunipa blanketi la umeme la kupashia joto betri ya gari lake. Nikakataa; lile lingepika mizizi. Tuliuinua mche juu ya mbao na kipande cha povu gumu, tukausogeza karibu na tanuru linalopasha nyumba joto, tukaizungushia kona plastiki. Kesho yake udongo ulifika nyuzi ishirini na moja. Taa sikuigusa.

Mche mkubwa haukupona. Kijiti kimoja kilioza. Cha pili kilitoa mzizi siku ya kumi na tisa, mweupe, mfupi kama kucha. Nilikipanda, nikakiweka juu ya mbao chini ya taa ile ile.

Machi kilikuwa na matawi sita. Halya alishuka kukiona, akahesabu kwa kidole.

"Kwa hiyo taa uliichagua vizuri?"

"Taa, ndiyo. Ile ya kwanza ilikuwa taa na jiko."

"Na vijiti vitatu vya kiangazi, vitapatikana?"

"Matawi yatatosha."

Tulipopanda juu alichukua chupa ya mwisho, akaifungua, akapaka mikono yote miwili.