Mwalimu Aliyesoma Sura Nne

Kila shule ina mwalimu ambaye jina lake halisi analijua mkuu wa shule na karani tu. Huyu wa kwetu aliitwa Mwalimu Dhamira. Alifundisha fasihi miaka ishirini, na kila kipindi alikifungua kwa swali moja: "Dhamira ya mwandishi ni nini?" Mwanafunzi akijibu vibaya, alimkatiza. Akijibu vizuri, alimkatiza vilevile, kisha akayarudia yaleyale kwa maneno marefu zaidi. Notisi zake juu ya vitabu vya mtihani zilipita mkono kwa mkono, zikatolewa nakala juu ya nakala, hadi watoto wa shule nyingine wakawa wanaziulizia.

Notisi zilizosifiwa kuliko zote zilikuwa za riwaya moja nyembamba ambayo watu waliiita "riwaya ya mama". Inasimuliwa na kijana mwenye uchungu. Mama yake alimpeleka mdogo wake wa kike akalelewe na shangazi, na kila mara mtoto huyo alipoletwa kumwona, mama alisimama mlangoni, hamkumbatii, hampakati. Mwalimu alikuwa ameandika hivi: dhamira kuu ni malezi mabovu, mwandishi anawalaani wazazi wenye moyo wa jiwe.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Mwalimu hakuwahi kukimaliza kitabu chenyewe. Mwaka wake wa kwanza kazini alikabidhiwa kitabu hicho wiki moja kabla shule hazijafunguliwa. Akasoma sura nne, na yaliyobaki akayachukua kwenye muhtasari wa nusu ukurasa katika daftari la mwenzake waliyesoma naye chuoni. Alijiambia atakimaliza likizo. Likizo ikaja ikapita, mwaka ukazaa mwaka, na uongo uliokaa sana ukawa kama samani ya nyumba: mtu anaupita kila siku bila kuuona.

Basi Jumamosi moja mkutubi wa maktaba ya mtaa akamwalika kwenye kikundi chao cha wasomaji. Walikuwa watu kumi na wawili kwenye viti vya plastiki, feni ikilia juu ya vichwa vyao, magazeti ya zamani yamepangwa hadi dirishani. Mwalimu alisimama akazungumza nusu saa. Alieleza tofauti ya wazo na dhamira. Akawaonya wasisahau kwamba msimulizi si mwandishi. Kisha akawapa hukumu yake juu ya yule mama, nao wakaandika.

Mtu mmoja hakuandika. Alikuwa dobi, mwanamume mpole mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Mimi si msomi. Lakini huyu mama sioni kama ana roho mbaya. Naona anaumwa."

Mwalimu alitabasamu kama mwenye nyumba anapomwona mgeni aliyekosea mlango. "Wapi imeandikwa?"

"Haijaandikwa hivyo moja kwa moja."

"Basi tusimtie mwandishi maneno mdomoni." Akawageukia wengine. "Ndugu yetu anazijua nguo. Lakini fasihi nayo ina sabuni yake."

Watu wakacheka. Dobi naye akacheka kidogo, kwa adabu, halafu akafungua kitabu pale alipokuwa ameweka kipande cha karatasi.

"Sura ya tisa," alisema. "Mama anachemsha leso zake mwenyewe, kwenye sufuria ya peke yake. Jirani anataka kumsaidia, anamfukuza. Mimi nimefua miaka ishirini na sita, Mwalimu. Leso ya jasho haichemshwi. Anayechemsha leso na kumkataza mtu asiiguse ni yule anayekohoa damu na hataki mwingine aambukizwe. Nenda sura ya kumi na moja. Kikombe chake kinakaa dirishani, mbali na vya wenzake. Kijana anasema ni kiburi. Lakini kijana ana hasira. Si wewe umetuambia sasa hivi, msimulizi si mwandishi?"

Hakuna aliyecheka. Kurasa zilianza kufunuliwa chumba kizima. Mwalimu naye akafunua, maana angefanya nini? Nakala yake ilikuwa imechakaa mwanzoni, imejaa mistari ya wino mwekundu. Kuanzia sura ya tano ilikuwa safi, kurasa zimeshikana pembeni kama za kitabu kilichotoka dukani jana. Alilazimika kuzitenganisha kwa ukucha. Mkutubi, aliyekaa karibu naye, aliziona. Aliinua macho akamtazama Mwalimu mara moja, kisha akageukia dirisha kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani.

Afadhali angemcheka. Huruma ile ilimchoma Mwalimu hadi kwenye masikio.

"Hilo ni suala la tafsiri," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamjia kama ya mtu mwingine. Akatazama saa, akataja mgonjwa wa kwenda kumjulia hali, akaondoka kabla ya chai. Hapakuwa na mgonjwa yeyote.

Jumapili, baada ya kifungua kinywa, alikaa akaanza sura ya tano. Hadi adhuhuri alikuwa amefika mwisho. Dobi alisema kweli, tena alisema kidogo. Katika sura ya mwisho kijana amesimama nje ya wodi, ameambiwa kila kitu, naye anamwomba mama yake radhi kwa yote aliyoyasimulia hapo mwanzo. Kijana mwenyewe anayakana maneno ya sura nne za kwanza. Ni maneno hayohayo Mwalimu aliyokuwa akiyafundisha miaka ishirini kama msimamo wa mwandishi.

Alikuwa bado amekishika kitabu lilipomjia jambo jingine, akafunika uso kwa viganja ingawa chumbani alikuwa peke yake. Alimkumbuka mpwa wake.

Mpwa huyo, binti wa dada yake, alikuwa darasani kwake miaka kumi na miwili iliyopita. Aliandika insha juu ya riwaya ya mama. Aliandika kwamba mama ni mgonjwa, anamficha mtoto asiambukizwe, na kwamba mwandishi anatufundisha tusiwahukumu watu kwa maneno ya mwenye hasira. Mwalimu, asije akaonekana anapendelea ndugu, aliisoma insha ile mbele ya darasa kama mfano wa kubuni. "Tumepata daktari," alisema, "anayetibu watu waliomo vitabuni!" Darasa likaangua kicheko. Akampa sifuri, akamwita dada yake, akamwambia binti huyu hajui kusoma, atafutiwe kazi ya mikono. Jina la Daktari likamganda msichana hadi alipomaliza shule. Katika kipindi cha fasihi hakunyoosha mkono tena. Na kwa mjomba wake, ambako zamani alikuja kila likizo, akawa haji.

Siku hizi alikuwa na kiduka cha fotokopi karibu na kituo cha afya.

Jumatatu baada ya vipindi, Mwalimu alikwenda. Mashine ilikuwa ikinguruma, duka linanuka karatasi ya moto. Wasichana wawili wenye sare walikuwa mbele yake.

"Dada, tunataka zile za Mwalimu Dhamira. Za riwaya ya mama."

Mpwa wake akavuta bahasha kwenye rafu bila kuuliza mara mbili. Hapo akamwona mjomba wake mlangoni. Mkono ukasita kidogo, kisha ukaendelea na kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakusema Mjomba. "Marahaba," Mwalimu alijibu. "Usiwape hizo."

"Kwa nini? Wanazitaka."

"Zina makosa."

Wasichana wakatazamana. Mpwa akawaambia warudi kesho, nao wakatoka wakinong'onezana kabla hata hawajafika barabarani. Mwalimu akabaki amesimama mbele ya kaunta kama mteja aliyesahau alichofuata.

"Insha yako ya wakati ule," alisema. "Ulikuwa sahihi. Mama alikuwa mgonjwa."

"Najua alikuwa mgonjwa."

"Mimi sikujua. Nimejua jana."

"Jana? Umeambiwa na nani?"

Angeweza kusema ameambiwa na mtu. Angeweza kusema amekisoma upya, na umri umemfungua macho. Maneno hayo yalimjia yamepangika vizuri, kama notisi.

"Nimekisoma jana," alisema. "Chote. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma sura nne."

Binti alinyoosha mkono akaizima mashine. Kelele za barabarani zikasikika zote dukani.

"Sura nne," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Unajua mimi nilikisoma mara ngapi? Baada ya siku ile? Mara nne. Nilikuwa natafuta huo ubaya wa yule mama. Nilisema, Mjomba amesoma sana, lazima kuna mahali ameona kitu ambacho mimi sikioni. Nikisoma, sikioni. Nikasema basi kweli, mimi sijui kusoma." Akairudisha bahasha rafuni. "Ningejua tumetofautiana, ningebishana na wewe. Ningejua umekosea, ningekusamehe zamani. Kumbe hukuwepo kabisa kwenye hicho kitabu! Nilikuwa mle ndani peke yangu."

"Nisamehe, mwanangu," alisema Mwalimu.

"Usiniombe radhi hapa kati yetu wawili. Mimi hukunisema kati yetu wawili. Tulikuwa arobaini na wawili mle darasani."

Akaiwasha mashine, akampa mgongo.

Asubuhi yake Mwalimu aliingia darasani bila daftari la notisi. Usiku mzima alikuwa ametunga hotuba nzuri, na aliposimama mbele ya watoto aliona hotuba nzuri ni njia nyingine ya kujificha. Akasema kwa kifupi: notisi zangu za riwaya hii ni za uongo, nilikuwa sijaisoma, na kuna mwanafunzi aliyesoma vizuri kuliko mimi nikamdhalilisha mbele ya wenzake. Akataja kwamba ni mpwa wake, akataja duka lake, akataja na kile kicheko.

Hawakucheka, wala hawakumhurumia. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa kwenye mtihani tuandike nini?"

"Andikeni mlichokisoma, mtaje na ukurasa."

"Na kama msahihishaji naye alisoma sura nne?"

Habari haikukaa darasani. Kabla ya saa sita mkuu wa shule alikuwa amemwita. "Umejivua nguo mbele ya watoto," alimwambia. "Tena umetuvua na sisi." Usahihishaji wa mtihani wa mkoa, ambao Mwalimu alikuwa akiusimamia kila mwaka, ukapewa mwingine. Chumbani kwa walimu mazungumzo yalipoa kila alipoingia. Alikwenda pia kwa dobi, akamkuta anapiga pasi mashati, akamwomba radhi kwa utani ule wa sabuni. Dobi alimwambia amekwisha kusahau, na Mwalimu akajua si kweli, maana hakumwalika akae.

Ilimchukua wiki tatu kuandika upya. Safari hii kila dai lilikuwa na ukurasa wake, na palipokuwa na shaka aliandika "sina hakika". Alipomaliza alizipeleka kwa mpwa wake kutolewa nakala. Wanafunzi walikuwa watano dukani, wote wanamjua, na wote walimpisha kwa namna iliyomfanya atamani wangemsukuma.

Binti hakuziweka mashineni. Alizisoma pale pale, amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, wateja wakisubiri. Kwenye karatasi ya tatu akachukua kalamu.

"Hapa umesema shangazi hajui kitu. Anajua. Soma tena anavyomfungia mtoto mlango siku ya mvua asimkimbilie mama yake."

"Sikupaona," alisema Mwalimu, na uso wake ukapata moto mbele ya watoto wale.

Binti akavuta kitabu chini ya kaunta, akakitupa juu ya benchi lililokuwa ukutani. "Kaa hapo upatazame. Halafu uandike upya hiyo aya, ndipo nitoe nakala."

Mwalimu Dhamira akakaa kwenye benchi, magoti yamebanana, akaanza kutafuta siku ya mvua.