Mkunga wa Bwawa la Mweiga

Mwalimu Dishon alinoa kisu siku tatu mfululizo, na hakikuwa cha kukatia sukuma wiki.

Mwezi wa nne, katika bwawa moja karibu na Mweiga, alimvuta mkunga mpaka ubavuni mwa mashua. Mkunga ni samaki mrefu, wenyeji humwita nyoka wa maji, na huyu alikuwa mnene kama paja la mtu. Swahiba wake Harrison, askari polisi, aliyeshika kasia, akaukata mshipi kwa wivu. Kisha akatangulia hotelini kusimulia kwamba Mwalimu alisinzia akaota samaki. Shuleni wakamwita Mwalimu Ndoto. Nyumbani, mtaani Skuta, mkewe Beverlyne akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma Dishon kuliko yote. Kimya kingi kina mshindo. Alinyamaza miezi minne akingoja Harrison naye anase wake, amkatie.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, katika bwawa lile lile, wakatia nanga penye mawe, kwa maana mkunga hukaa mashimoni. Mshipi wa Harrison ukakaza. Kwa pupa akafanya lile ambalo Dishon alimkataza tangu siku ya kwanza: akauzungusha mkononi mara tatu. Mkunga akajibana kwenye mawe, upepo wa milima ya Aberdare ukaisukuma mashua, na nailoni ikazama katika nyama ya vidole.

Dishon alikuwa ameshachomoa kisu. Akaona kwamba kukata sasa ni kumfadhili. Akaketi.

"Mwalimu, kata. Mkono yangu inaisha."

"Kwanza sema chenye ulifanya mwezi wa nne."

Harrison akatazama ukingoni. Mzee Mathenge, mlinzi wa bwawa, alisimama pale na wanawake waliokuja kuteka maji. Harrison akakiri kwa sauti ya chini.

"Afande, wewe unajua statement inatolewa aje. Hao hawajasikia," Dishon akamwambia.

Ndipo Harrison akapaza sauti: samaki alikuwepo, yeye ndiye aliyekata, uongo ulikuwa wake. Wanawake wakaguna. Dishon akasikia raha ikimshuka kifuani kama uji wa moto, na hakuona haya hata kidogo. Lakini haikumtosha. Akampigia Beverlyne, akaweka spika, akamwamuru Harrison aanze upya. Harrison akarudia yote akilia, damu ikidondoka majini.

Beverlyne akasikiliza mpaka mwisho, akauliza mbona mtu mzima analia. Dishon, kwa majivuno, akamweleza habari za mshipi, na kwamba kisu anacho yeye.



"Samaki nimeamini," Beverlyne akasema. "Wewe ndio sikujui."

Akakata simu. Dishon akaukata mshipi, akashika kasia. Akaipeleka mashua mpaka nchi kavu. Wanawake wakampokea Harrison, wakamfunga mkono kwa leso, na Mzee Mathenge, ambaye humsalimu Mwalimu kila wiki, akageuka akaenda zake.