Kahawa ya Sidi Hadi

Bi Beya alinipigia simu nikiwa nimepiga magoti ukumbini, nachambua maua ya mdanzi juu ya shuka la harusi la marehemu mama yangu. Ilikuwa katikati ya Aprili, wakati ambao mji wote wa Nabeul unanukia maua na kila mwanamke ana chungu cha shaba motoni, anakeneka maji ya maua ya mwaka mzima, mvuke ukigeuka matone. Nilipoliona jina lake kwenye simu nilifurahi, nikadhani anaagiza. Nikapangusa mikono kwenye aproni, nikamwitikia kwa ile sauti ya bashasha ninayomwekea yeye.

"Munjiya," akasema, "nani amekufundisha adabu hii?"

"Adabu gani, Bi Beya?"

"Mume wangu amelala kaburini tangu Januari. Na wewe unaniandikia habari za kahawa yake."

Nikamwambia sielewi. Akanisomea polepole, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma bili ya umeme: "Mpendwa Beya, tumekukosa. Kahawa ya Sidi Hadi inasubiri tone lake. Agiza leo upunguziwe bei. Ni mimi dada yako, Munjiya." Akasema hiyo ilikuwa barua pepe ya nne. Ile ya kwanza aliijibu, akaeleza kwamba mumewe amefariki, akaomba asiandikiwe tena. Ilipokuja ya pili, alibonyeza pale chini palipoandikwa kwamba ukibonyeza utaondolewa. Ilipokuja ya tatu alilia.

"Na hii ya nne," akasema, "nimeona nikupigie, nisikie kama bado wewe ni mtu."

Kisha akakata.

Nilibaki palepale na maua mapajani. Hasira haikutangulia, iliyotangulia ni aibu. Kwetu, maji ya kwanza yanayotoka chunguni kila msimu hayauzwi. Yanawekwa kando kwa ajili ya mgonjwa, mwanamke aliyejifungua na nyumba iliyofiwa. Ukisikia mteja wako amefiwa, huandiki barua. Unavaa, unabeba chupa, unakwenda. Mama aliwahi kupanda basi mpaka Sousse na miguu yake imevimba, kumpa pole mwanamke aliyenunua kwake chupa mbili tu maishani. Mimi binti yake sikupata hata habari ya msiba, kisha nikampelekea mjane tangazo. Na mjane mwenyewe ni Bi Beya. Karibu wateja wangu wote wa Tunis walinijia kwa sababu yeye aliwaambia, "Nendeni kwa Munjiya, huyo hadanganyi." Sasa angewaambia nini?

Aliyenipaka matope haya nilimjua. Nikavua aproni, nikaenda dukani kwa Lasaad.

Lasaad ni mdogo wangu, wa kunifuata. Anauza simu na vikorokoro vyake karibu na soko la vyungu, na hajapata kuona kitu kidogo asitamani kukikuza. Mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Mtu akinunua kwangu, namuuliza kwa mdomo kama nitamuudhi nikimwandikia mara moja kwa mwaka, maua yakichanua. Akikubali, namwandikia. Akikataa, namwombea heri na simwandikii. Barua yenyewe naiandika mwenyewe: salamu, hali ya maua ya mwaka huo, bei, basi. Watu walinijibu kwa habari za wajukuu. Lasaad alikuwa akinicheka. "Barua moja kwa mwaka, dada? Hata watu wa bili ya maji wanatukumbuka kuliko hivyo."

Majira ya baridi yaliyopita alikuja kuota moto kwangu na kompyuta yake, akaniuliza habari za wateja mmoja mmoja. Nami nikamsimulia, kama mtu anavyomsimulia ndugu yake. Huyu ananunua kwa ajili ya kipandauso. Yule anaweka akiba ya harusi ya bintiye. Bi Beya ni kwa kahawa ya mumewe, tone moja, maana Sidi Hadi akionja mawili husema amepewa dawa. Nilidhani tunapiga soga. Kumbe mwenzangu anachapa kila neno, na baadaye akayapeleka yote kwa kampuni ya matangazo huko Tunis, yenye mashine inayoandikia watu barua bila mtu kushika kalamu. Aliniambia itanisaidia kuuza. Nikampa nenosiri langu, nikarudi kwenye vyungu vyangu.

Nilimkuta amesimama nyuma ya meza ya kioo. Hakungoja hata salamu.

"Dada, njoo uone maajabu. Umefikia watu elfu arobaini."

"Mimi sina wateja elfu arobaini."

"Sasa unao."

"Wametoka wapi?"

"Tumenunua anwani zao. Kila mtu ananunua, usinitolee macho." Akanigeuzia kompyuta, akaanza kunionyesha kwa kidole. "Huyu amefungua barua yako mara tatu. Huyu hajafungua. Asiyefungua, mashine inamkumbusha. Akikaa kimya tena, inamkumbusha tena. Haichoki."

"Kwa hiyo mtu akinyamaza, unamfuata mpaka chumbani."

"Ndiyo biashara, dada. Wewe ungebaki na barua yako moja, ungezeeka na vyungu vyako."

Mteja mmoja aliyekuwa anachagua kava la simu akacheka. Nikamwangalia mpaka akarudisha kava mahali pake. Kisha nikampasulia Lasaad habari ya Bi Beya, yote, pamoja na sauti aliyonisomea. Tabasamu likamtoka. Akajikuna sikio, kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja kitu.

"Mashine haijui nani amekufa," akasema.

"Ndiyo maana hatuitumi msibani."

"Lakini si mimi niliyeandika yale maneno."

"Pale chini pana jina la nani?"

"Lako."

"Alikupa nani?"

"Wewe, dada. Ulinipa mpaka nenosiri."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ukanizidishia hasira. Nikamwambia Bi Beya alijibu ile barua ya kwanza. Jibu lake liko wapi? Alipapasa kidogo, akakiri kwamba majibu huingia kwenye sanduku ambalo kampuni haina mtu wa kulisoma. Nikamwamuru alifungue. Yalikuwa mengi. Watu nisiowajua walinitukana, wengine kwa lugha nisizozisoma lakini matusi yana sura yake. Na katikati yao walikuwamo watu wangu. "Munjiya, umepatwa na nini?" "Bi Munjiya, mama hajambo, ila tafadhali tupumzishe." Na la Bi Beya, mistari miwili tu, yenye heshima zote. Niliyasoma nimesimama, na wateja wa Lasaad wakaondoka mmoja mmoja bila kununua. Hilo halikunihuzunisha hata kidogo.

"Futa," nikasema.

"Tumefunga mkataba na kampuni, dada, mpaka mwisho wa..."

"Mkataba ni wako. Jina ni langu. Futa."

Akawafuta wote aliowanunua. Nikamwambia afute pia yale niliyomsimulia karibu na moto, maradhi ya watu na harusi zao na vikombe vyao vya kahawa. Alitaka kuyabakiza kidogo, eti yatafaa siku nyingine. Sikuondoa jicho kwenye kioo mpaka neno la mwisho lilipopotea. Ingekuwa zamani ningemzaba kofi. Kwa umri ule, na ndevu zile, nilijizuia.

Kisha nikavuta kiti, nikaandika kwa mkono wangu barua ya kuwataka radhi wateja wangu wa kweli, wale walionikubalia kwa mdomo. Sikutia tangazo wala bei. Nilisema nimekosa na sitarudia, na anayetaka kutoka katika orodha yangu aniambie, nitamtoa siku hiyohiyo mimi mwenyewe. Nikaituma. Lasaad naye yumo katika orodha ile, kwa kuwa hunywa kahawa yake na maji yangu, nikamwambia aangalie simu yake.

"Haijafika," akasema.

"Angalia tena."

Akapekua. Nikaona uso wake unabadilika. "Imefika. Iko kwenye taka."

"Kwa nini?"

"Watu wengi sana walibonyeza kwamba barua zako ni taka, dada. Sasa mashine zinazopokea barua zimekukariri. Kila kinachotoka kwako kinatupwa huko."

"Hata nikisema kweli?"

"Hazisomi kweli. Zinaangalia imetoka kwa nani."

Nilijenga jina lile msimu baada ya msimu kwa vidole vilivyoungua mvuke, na mama kabla yangu, na sasa liko kapuni pamoja na wauza dawa za nguvu za kiume na watu wanaodai umeshinda bahati nasibu. Lasaad akanyoosha mkono kunishika bega. Nikautoa.

"Shika simu yako," nikamwambia. "Utawapigia wateja wangu mmoja baada ya mwingine. Utawaambia wewe ni nani na umefanya nini. Usiuze kitu. Ukimsikia mtu anakutukana, sema ahsante."

"Wote?"

"Isipokuwa Bi Beya. Huyo ni wangu."

Nilirudi nyumbani nikawasha jiko. Maua niliyoyaacha yalikuwa yameanza kugeuka rangi pembeni, nikayatupa, nikachukua mapya kwa jirani. Chungu kilipoanza kutoa matone nilikaa mbele yake bila kuongea na mtu. Maji ya kwanza nikayatia kwenye chupa iliyovikwa ukili, ile iliyokuwa ya mama, nikaziba kwa nta.

Bi Beya anakaa Bardo, huko Tunis, ghorofa ya juu kabisa, katika jengo ambalo lifti yake imekufa siku nyingi. Ngazi nzima nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Ningemweleza mashine, kampuni, sanduku lisilosomwa, ujinga wa Lasaad. Yote yalikuwa kweli, na nilitaka akiyasikia anivute ndani, anipe kiti, na siku ya pili awaambie wenzake kwamba Munjiya ni yuleyule. Sifichi, hilo ndilo nililolipandia ngazi.

Mlangoni pake palikuwa na karatasi za matangazo zimetupwa ovyo, za maduka makubwa na wasafisha mazulia, nyingine zimekanyagwa. Niligonga. Akafungua kiasi, mnyororo wa mlango ukiwa bado umefungwa, nikaona jicho moja na nusu ya uso. Alikuwa amekonda.

"Umeleta bei mpya?"

"Nimeleta maji ya kwanza, Bi Beya. Mungu amrehemu Sidi Hadi. Nimechelewa, nisamehe, sikujua."

"Hukujua, lakini uliandika."

"Haikuwa mimi. Ile ni mashine, mdogo wangu ndiye..."

"Hiyo mashine ilijuaje kahawa ya mume wangu?"

Nikaikumbatia chupa kifuani. Yeye akaendelea.

"Mwaka ule tulipokuja kwako na yeye, ukatupa viti uani. Nani alikueleza habari ya lile tone?"

"Wewe, Bi Beya."

"Nilikueleza wewe."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kusema. Maneno yote niliyoyapanga ngazini yalikuwa bado mdomoni, ya kweli kama yalivyokuwa, na sikuona hata moja la kumpa. Tangu simu ile nilikuwa nimemkasirikia Lasaad, kampuni, na mashine zinazotupa barua yangu kwenye taka. Hasira hiyo ilinitosha kunipandisha ghorofa zote zile, lakini mbele ya mlango ule haikuwa na kazi.

"Ni kweli," nikasema. "Ulinieleza mimi."

Nikainyanyua chupa mpaka kwenye ule upenyo. Mkono wake haukutokea. Aliitazama, nadhani aliujua ule ukili, maana aliwahi kuusifia. Tukasikia mtoto analia katika nyumba ya chini, kisha akabembelezwa.

"Iweke hapo chini," akasema. "Nikitaka nitaifungua."

"Sawa, Bi Beya."

"Na usinipigie kuniuliza kama nimeifungua."

Mlango ukafungwa.

Niliiweka chupa sakafuni, katikati ya zile karatasi, nikasimama kuitazama. Ilionekana kama kitu kimoja zaidi kilichotupwa pale na mtu anayetaka kuuza. Hasira ikanirudia, nzito kuliko ya dukani, na safari hii sikuwa na wa kumfokea. Nikainama nikaanza kuziokota zile karatasi, za kwake kwanza, kisha za milango ya jirani, moja moja, mpaka kwapani pakajaa. Nikaiacha chupa peke yake juu ya vigae vitupu, nikashuka.

Nilikuwa nimefika kona ya pili ya ngazi niliposikia, huko juu, mnyororo wa mlango ukiondolewa. Nikazibana karatasi vizuri zisianguke, nikaendelea kushuka.